Kapu la Tazama-Juu

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo kaitika kwa pua? Nimesema, paukwa!

— Pakawaaa!

Hapo sawa. Sogeeni basi. Wewe mwenye muwa, acha kutafuna, utanimezea maneno. Na mkicheka mkaumwa mbavu msije kwangu, mimi si mganga.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakisema na watu, na watu wakiwajibu bila kuonekana wendawazimu, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamkembe. Katika kijiji hicho aliishi mwanamke jina lake Bi Siwatu. Bi Siwatu hakuwa na shamba kubwa. Hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na mume wa kumsemea. Alikuwa na banda.

Banda lenyewe lilikuwa la fito na udongo, paa la nyasi, mlango mmoja usio na komeo. Kazi yake ilikuwa kupokea wanyama waliotupwa. Mnyama aliyevunjika, aliyezeeka, aliyechokwa na mwenyewe, akifika pale haulizwi, "Una faida gani?" Anaulizwa, "Umekula?"

Wakati wa hadithi yetu walikuwamo watatu. Wa kwanza ni Punda, mzee wa jicho moja. Tajiri wake alimwacha njiani, akaondoka na tandiko. Tandiko alilihurumia, mgongo hakuuhurumia! Wa pili ni Paka, mwenye miguu mitatu na majivuno ya paka wa miguu sita. Wa tatu ni Jogoo.

Jogoo alikuwa na kosa moja. Hakuwika alfajiri. Alfajiri alilala fofofo, mdomo wazi. Aliamka jua likiwa utosini, akajinyoosha, akapiga mbawa, akawika "Kokorikooo!" kama mtu aliyewahi. Aliyemfuga alikuwa ameshanoa kisu na kuchemsha maji ya kumnyonyolea, Bi Siwatu akapita, akasema, "Nipe mimi huyo, hata kama ni mvivu."

Sasa mtaniuliza, wanyama hao walikula nini? Ulizeni basi!

— Walikula nini?

Ahaa! Walikula mkono wa kijiji.

Njiani kuelekea kisimani palikuwa na kichuguu kikubwa, na juu ya kichuguu lilikaa kapu la ukindu, limezama pale kama kofia kichwani. Kila asubuhi, kila nyumba ilileta konzi moja ya chakula. Mwenye mtama alitia mtama. Mwenye kunde alitia kunde. Aliyekosa alitia maganda ya muhogo, Punda akashukuru. Na palikuwa na mila. Anayetia hutazama juu mbinguni, na walio karibu naye hutazama juu vilevile, ili mtu asijue mwenzake katoa kingi au kidogo. Walitia huku wakiimba:

Tia konzi, tazama juu,
hesabu aijua Aliye Juu!

Basi ukipita pale asubuhi utakuta kijiji kizima kimekodolea mawingu, shingo nyuma, wengine wanakanyagana vidole. Ndiyo maana kapu liliitwa Tazama-Juu.

Na banda nalo halikukaa bure. Mwanamke akijifungua, Punda alimpelekea maji siku arobaini, mtungi huku, mtungi huku. Paka alizungukia ghala zote, na panya wa Kwamkembe walihamia kijiji cha pili wakilia. Jogoo je? Watu wakiwa shambani wameinama, jua linachoma, wakisikia "Kokorikooo!" walitupa majembe. "Haya, jua la utosini hilo, ugali umeiva!" Yule mvivu ndiye aliyekuwa saa ya kijiji. Bi Siwatu hakudai ujira. Ukimwuliza, "Nikupe nini?" alijibu, "Kapu liko njiani."

Siku moja akaja Fisi.

Alikuja amejifunga kitambaa kichwani, anachechemea mguu wa kulia. Akapiga hodi.

"Hodi wenyewe! Shangazi, mimi ni mnyama maskini. Nimetupwa. Nimevunjika. Nimechokwa."

"Karibu mwanangu," alisema Bi Siwatu. "Umekula?"

"Tangu juzi sijala!" alisema Fisi, akiwa sasa anachechemea mguu wa kushoto.

Bi Siwatu akamletea uji wa mtama. Fisi akautazama ule uji. Akamtazama Punda. Akautazama uji. Akamtazama Punda, paja lile, shingo ile, na mate yakamdondoka mpaka yakalowesha kitambaa, ambacho kilikuwa kichwani! Mate ya namna gani hayo?

"Shangazi," alisema, "yule... analala upande gani?"

Bi Siwatu akachukua mchi. "Banda hili halimkatai mtu. Lakini anayeingia hula kinacholiwa, hawali wenziwe. Unywe uji au uone mlango."

Fisi akauona mlango. Tena akauona kwa mbio, miguu yote minne mizima.

Alipofika porini akakaa, akawaza. Ukimwiba Punda mmoja, utakula siku moja na kupigwa siku tatu. Lakini banda lenyewe likifa? Wanyama watatolewa nje, na huko nje yupo nani? Yupo yeye, na bakuli lake. Na Fisi alijua mila nyingine ya Kwamkembe. Kapu likikutwa tupu siku tatu mfululizo, banda linavunjwa, kwani maana yake kijiji kimesema hapana bila kufungua kinywa.

Basi akaenda kwenye kichuguu. Akachimba kwa nyuma, upande wa vichaka. Akachimba, akachimba, akaingia chali tumboni mwa kichuguu mpaka kichwa kikafika chini ya kapu, makalio yamebaki nje vichakani. Akatanua ukindu kwa meno, akafungua tundu. Akafungua na mdomo. Akangoja.

Asubuhi watu wakaja.

Tia konzi, tazama juu,
hesabu aijua Aliye Juu!

Mtama, puu! ndani ya mdomo wa Fisi. Kunde, puu! Ulezi, puu! Fisi hapendi nafaka hata kidogo, inamkwaruza koo, lakini angetema wapi? Akameza. Akajisemea moyoni, "Endeleeni kutazama juu, watu wangu, mimi niko huku chini!" Walipoisha akaziba tundu kwa gunzi la muhindi aliloliokota njiani, likasimama wima katikati ya kapu. Akatoka kinyumenyume, tumbo limejaa kokoto.

Mchana Bi Siwatu akaja kuchota. Akachungulia. Hamna kitu. Hamna ila gunzi tupu limesimama, limenyonyolewa punje zote.

Bi Siwatu alishtuka, moyo ukamwuma. Kukosa si tusi, kila mtu hukosa. Lakini gunzi? Gunzi ni kumwambia mtu, mimi nimekula, wewe tafuna huu mti. Hakuligusa. Aliliacha palepale kwa uchungu, akarudi nyumbani, akapika uji mwepesi ambao Paka alijionea sura yake ndani.

Siku ya pili, vilevile. Tia konzi, tazama juu. Puu, puu, puu. Mchana, gunzi.

Habari zikaenea, na hapo balaa likaanza. Kila mtu alijua yeye katia. Basi ni nani hakutia? Mke wa fundi akamtazama mke wa mwindaji. Mke wa mwindaji akasema, "Mbona unaniangalia? Mimi nilitia kunde, tena za kuchagua!" "Nani alikuona?" Kweli, nani alimwona? Wote walikuwa wanatazama mawingu! Hakuna hata mmoja mwenye shahidi. Majirani walioazimana chumvi miaka ishirini wakanuniana.

Kisha mmoja akasema, "Jamani, gunzi. Nani ana mahindi mwaka huu?"

Wote wakageuka. Mwaka ule mahindi yaliota kwa mtu mmoja tu, Bwana Semkiwa. Na Bwana Semkiwa, ndugu zangu, alikuwa na sifa. Watu walisema ukimwomba maji atakuonyesha kisima. Kila siku alilitukana banda hadharani: "Kulisha jogoo asiyejua alfajiri! Upuuzi mtupu!"

"Ni wewe!" wakamwambia.

Masikio yakamwiva Bwana Semkiwa. "Semeni mnayotaka," alisema, akaenda zake, na mgongo wake ulionekana mnyonge.

Jumbe Mnkande, mkuu wa kijiji, akaja bandani amekunja uso. "Bi Siwatu, nakuonea huruma, wallahi. Lakini mila ni mila. Kesho Jogoo akiwika, nitachungulia kapuni. Likiwa tupu, banda linavunjwa."

Jioni ile walikaa wanne bila chakula. Punda akasema, "Mimi ndiye nakula sana. Nitaondoka, nyinyi mbaki." Paka akasema, "Uondoke uende wapi na jicho moja? Niondoke mimi." Punda akasema, "Na wewe uende wapi na miguu mitatu?" Jogoo akasema, "Mimi nina kila kitu, naweza kuondoka, ila msiniamshe mapema." Bi Siwatu akacheka, halafu akalia. Alikuwa hana mtoto wala ndugu. Hao ndio waliokuwa wakimsubiri mlangoni.

Kulikucha. Na siku hiyo likatokea jambo ambalo Kwamkembe halijawahi kutokea. Njaa ilimwamsha Jogoo alfajiri!

Jogoo akatoka nje, akaona wekundu mbinguni. "Kumbe ndiyo hii wanayoisifia?" alisema. "Baridi tu!" Akaenda zake kutafuta punje, akafika penye kapu watu wakiwa wamekwisha kuja. Walikuwa wamenuniana, kila mmoja kamgeuzia mwenziwe bega, lakini walikuja. Hata Bwana Semkiwa alikuwapo nyuma kabisa, ngumi imefumbwa. Wakaanza, "Tia konzi, tazama juu..."

Wote wakatazama juu. Jogoo naye akaanza kuinua shingo. Halafu akasita.

"Ngoja," alisema. "Sisi kuku tukinywa maji ndipo tunatazama juu. Tukila tunatazama chini. Na hili ni jambo la kula."

Akatazama chini. Akaona punje moja ya mtama imedondoka kando, akaidonoa. Akaona ya pili nyuma ya kichuguu, akaidonoa. Ya tatu ikamfikisha vichakani, na hapo, karibu kabisa na mdomo wake, akaona makalio yenye madoa, yanatikisika kila konzi inapoingia. Puu, tikisi! Puu, tikisi!

Jogoo alikimbia mbio, akafika bandani akihema. "Shangazi! Kapu lina makalio!"

Bi Siwatu akamgusa paji la uso. "Njaa imempanda kichwani."

"Lina makalio, na madoa!"

Madoa! Hapo Bi Siwatu akamkumbuka Fisi, akaelewa. Aliketi chini akacheka mpaka kanga ikamvuka begani. Ghafla akainuka, akaingia jikoni, akatoka na kijungu. "Wanangu," alisema, "miaka yote tumekula mkono wa watu. Leo na sisi tutatoa."

Walipofika, kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kutia, hakuna aliyeondoka, na Jumbe amesimama kando ya kapu akingoja Jogoo awike achungulie.

"Jumbe, subiri," alisema Bi Siwatu. "Sisi hatujatia."

Watu wakashangaa. Wanaolishwa nao wanatoa? Lakini mila haimkatazi mtu. Jumbe akasema, "Haya, watu wote, tazama juu!" Shingo zote zikaenda nyuma.

Akatangulia Paka. Akapanda kichuguu kwa miguu yake mitatu, akachota kijunguni konzi nzima. Pilipili kichaa, iliyokauka, iliyosagwa. Akaimba kwa madaha, tia konzi, tazama juu. Puu!

Pilipili ikashuka.

Kisha kichuguu kikapiga chafya.

"CHYAA!"

Watu wakazidi kutazama juu, wakidhani mbingu ina mafua.

Akafuata Jogoo. "Mimi konzi sina," alisema, "nina mdomo." Akaingia kapuni, akaona pua nyeusi imechomoza tunduni inatafuta hewa. Ko! Ko! Ko!

"Yalaaa, mama wee!" kilisema kichuguu. Hapo sasa hata Jumbe akatazama chini.

Punda hakupanda juu. Punda alizunguka nyuma polepole, kwa heshima za uzee, akatafuta kwa jicho lake moja mpaka akayaona madoa. Akageuka.

"Wanasema asante ya punda ni mateke," alisema. "Na mimi nina miaka minne sijamshukuru mtu."

Akashukuru.

Nawaambia, alishukuru kwa miguu yote miwili ya nyuma! Kichuguu kikapasuka. Fisi akaruka juu, kapu shingoni, akapita juu ya vichwa vya watu, na kwa kuwa wengi walikuwa bado wanatazama mbinguni, walimwona vizuri sana. Akaanguka mbele ya Jumbe, pu! Akacheua. Akacheua siku ya tatu, akacheua siku ya pili, akacheua siku ya kwanza. Likawa lundo mpaka magotini.

Fisi akainuka, akatimka, na teke lile halikumtoka mpaka leo. Mtazameni fisi anavyotembea, nyuma imeinama, mbele imeinuka. Ni asante hiyo.

Watu wakacheka, wakakumbatiana, wakagaagaa. Kisha mmoja mmoja wakalitazama lile lundo, na kicheko kikapungua. Mtama mweupe wa kwa fundi ulikuwamo. Kunde za kuchagua za kwa mwindaji zilikuwamo. Ulezi wa mjane wa nyumba ya mwisho kijijini, asiye na kitu, ulikuwamo. Hakuna nyumba iliyokosa, hata siku moja. Na katikati ya lundo, kuliko vyote, mahindi. Mahindi ya njano, manene. Mtu yule hakuwa akitia konzi moja. Alikuwa akitia kwa mikono miwili.

Wote wakageuka kumtazama Bwana Semkiwa. Masikio yalikuwa yamemwiva tena.

"Nini?" alifoka. "Mnatazama nini? Nani kawaambia mtazame chini? Tazameni juu! Nyote! Juu!"

Na kijiji kizima kikatazama juu, wakubwa kwa wadogo, huku wengine machozi yanawaingia masikioni. Wakiwa hivyohivyo shingo nyuma, mke wa fundi akapapasa mkono wa mke wa mwindaji, akaushika. Bi Siwatu naye akasema kwa sauti, bila kumtazama mtu, "Aliyetia mahindi, Mungu amzidishie." Bwana Semkiwa akajifanya kukohoa.

Lile lundo waliachiwa kuku, kwani kuku hawana kinyaa. Watu wakaenda majumbani, wakarudi na konzi nyingine mpya, wakajaza ungo wa Bi Siwatu mpaka ukamwagika. Jumbe akasema, "Kijiji kimesema." Jogoo akakumbuka kazi yake, akawika, jua lilikuwa utosini kamili.

Siku ya pili yake Jumbe akasimamisha nguzo mbili, kapu jipya likaning'inizwa katikati, chini yake peupe. Watu waliendelea kutia wakitazama juu. Lakini kila baada ya siku saba Bi Siwatu alitandika mkeka, akamwaga kilichomo, akasema mbele ya wote: hiki ni cha Punda, hiki cha Paka, hiki cha Jogoo, na hiki ni cha yule atakayekuja kesho, ambaye hatujamjua bado.

Basi, wenzangu, mafunzo ya hadithi ni haya. Mkono unaotoa ufiche, lakini kapu usilifiche. Na kabla hujamtuhumu jirani yako kwamba hakutoa, inama kwanza, utazame chini ya kapu kuna nani.

Mimi nimetua, na hadithi imetua. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aniachie, nitamsimulia mbuzi wangu. Na aliyesinzia asiniulize mimi, amwulize aliyekaa naye, kama bado wanasemeshana.